Dhahabu Niliyoiuma Mbele ya Wakwe

Wenzangu tuliosoma jiolojia pamoja, leo nimepatikana.

Mnanijua. Mtoto wa maskini, nimejisomesha mwenyewe kwa kuuza maziwa, nikarudi kwetu Boito na diploma na suti. Leo tulienda Merigi kumposa Chebet. Mjomba, msemaji wetu, alinionya njiani: "Anayeposa hafungui mdomo. Ni wazee wanaongea."

Nikasema sawa.

Tulipovuka kijito chini ya boma lao, kitu kikang'aa mchangani. Cha manjano, kidogo kama punje ya mahindi, lakini kizito. Nikakitia mfukoni.

Ndani, baba yake Chebet akauliza, "Na huyu kijana wenu anajua kazi gani?"

Mjomba alikuwa bado anakohoa kusafisha koo. Mimi nikasimama. Nikawaeleza jinsi maji moto yanavyopanda kwenye nyufa za miamba ya kale yakiwa na dhahabu, na yakipoa yanaiacha humo pamoja na mawe meupe. Kwamba huku kwetu volkano zilikuja baadaye zikafunika kila kitu, ndiyo sababu sisi tunachuma chai na watu wa Migori wanachimba dhahabu.

"Lakini mto wako, mzee, umekata mwamba mpaka chini. Hii imekungoja mamilioni ya miaka."

Nikaitoa. "Dhahabu halisi ni laini," nikasema, nikaiuma. (Niliilamba kwanza. Msiniulize kwa nini.) Ikabonyea vizuri kabisa.

Mama Chebet akasogea, akaitazama.

"Baba Chebet, hilo si jino lako?"

Mzee akainua mdomo wa juu, akatuonyesha pengo. "Ndilo. Nililimeza na mahindi ya kuchoma."

"Sasa lilifikaje mtoni?" nikauliza. (Diploma nzima, na bado nikauliza.)

Mama akaniangalia kwa huruma. "Mwanangu, ile mvua kubwa ilibomoa choo."

Mjomba akajifunika uso kwa kofia. Chebet, aliyekuwa mlangoni na chai, akageuka nayo mbio mpaka jikoni. Mama akaniletea kikombe cha mursik, yale maziwa yetu ya mgando. "Sukutua," akasema, "halafu usimeze."

Posa imekubaliwa. Mzee amesema turudi kupanga harusi, ila mtaalamu wa miamba abaki nyumbani.

Tafadhali msinicheke. Chebet peke yake anatosha.