Shemeji, Rudi Nyuma Kidogo

Jumatatu, 9 Juni 2014

Baridi. Mvua imekwisha lakini ukungu haujapata habari. Mimi Badru, mtoto wa Pangani, niliyezaliwa kwa ajili ya jasho, nimeletwa huku juu milimani, Nyakitonto, kuwa bwana mifugo na kutetemeka. Mwaka wa tatu huu. Mke wangu Tunu bado anasema atakuja akipona mafua.

Leo Shemeji amemkanyaga Mama Venanti. Shemeji ni punda. Ni mali ya kikundi cha akina mama. Mradi mmoja ulimleta kutoka Kahama kupitia Kibondo ili abebe maharage. Jina walimpa wenyewe, kwa kuwa hawezi kumwona mtu asimsogelee. Humsukuma kwa kifua, humtia kichwa kwapani, kisha husimama juu ya mguu wake na kutazama mlimani. Mama Venanti ndiye mwenyekiti wa kikundi. Kidole gumba chake kimevimba kama kiazi. Ni mguu wa nne mwezi huu.

Kikao cha dharura. Akina mama wakasema basi, wamechoka. Yupo mnunuzi Kasulu mjini, Gharibu, anakusanya punda wa kupeleka Shinyanga kuchunwa ngozi. Auzwe. Obedi akaunga mkono. Obedi ni bwana shamba, jirani yangu na adui yangu. Akasema, kwa sauti ya mtu anayejifanya ananong'ona, kwamba hata jembe lina adabu kuliko mnyama huyo.

Nikasimama. Sijui nani alinisimamisha. Nikasema sisi watu wa pwani tumelelewa na punda. Nipeni mpaka Jumamosi ya tarehe 21, nitamfundisha kukaa mbali na watu, kwa upole, bila fimbo. Mama Venanti akasema haya Bwana Mifugo, ila akimkanyaga mtu mmoja tu mbele yetu siku hiyo, anakwenda.

Kusema kweli Pangani nilipanda punda mara moja. Nilianguka.

Jumanne, 10 Juni

Nimekipata kijitabu cha semina ya Morogoro chini ya kitanda. Nusu kimeliwa na mende. Kilichobaki kinatosha. Usimpige. Usimvute. Chora mpaka wako. Akiuvuka, mguse kifuani kwa vidole viwili, msukume taratibu. Akirudi hata nusu hatua, ondoa mkono papo hapo, mkune shingo. Aone kuwa raha iko mbali na wewe.

Nimechora duara kwa jembe nyuma ya ofisi. Nikasimama katikati. Shemeji akaingia. Nikamgusa. Akaniegemea. Nikauegemea ukuta wa choo. Ukuta ukaegemea upande wa pili. Obedi alikuwa ndani.

Ameahidi kuniandikia barua. Ofisi yake na yangu zinatenganishwa na hatua ishirini. Ataiandika, namjua.

Alhamisi, 12 Juni

Nimegundua kosa. Ni langu, lakini dogo. Nilikuwa naendelea kumsukuma hata baada ya yeye kurudi nyuma. Sasa apate faida gani kwa kutii? Leo alipotikisa tu kwato, nikaondoa mkono. Akashusha pumzi ndefu. Akalamba midomo. Nikamkuna. Tukarudia. Asubuhi nzima hatukugombana. Mpaka adhuhuri alikuwa amesimama nje ya duara, mwenyewe, masikio yamelegea.

Nilifurahi mpaka nikajionea haya. Sikumbuki ni lini kiumbe kingine kilinisikiliza.

Mguu wangu wa kushoto umekanyagwa mara sita. Siwezi kuvaa kiatu. Muuguzi Loyce wa zahanati amenipa dawa ya kuchua na kunisihi nifuge samaki.

Jumamosi, 14 Juni

Hatua kubwa! Mkono haufiki kila mahali, kwa hiyo kijitabu kinataka uongeze sauti. Kinasema: "Chagua sauti laini ambayo" na hapo mende wakala. Haidhuru. Akili ninayo.

Nimechagua kupiga makofi. Mara mbili, polepole, viganja vikikutana kwa adabu. Paa, paa. Kisha vidole kifuani. Kufikia jioni vidole havikuhitajika tena. Paa, paa, Shemeji anarudi hatua mbili. Hata nikiwa mbali. Hata akiwa amenipa mgongo!

Nimefunga uzio wa mabua kuzunguka uwanja. Mtu asiingie, mtu asichungulie. Obedi akiiona mbinu hii kesho ataitolea semina.

Jumatano, 18 Juni

Punda amekamilika. Nikiingia uwanjani hanijii tena. Anasimama hatua tatu, ananitazama, anangoja. Ndivyo nilivyotaka. Nimekaa pale juu ya debe muda mrefu, mikono mifukoni kwa ajili ya baridi. Zamani angekuwa ameshanitia kichwa kwapani. Kwapa lilikuwa baridi leo.

Mama Venanti alipita njiani, akasimama kunisalimia. Watu wa huku wakianza kusalimiana, chai inapoa na mwingine anachemsha nyingine. Mimi huinua kidevu tu. Miaka mitatu nainua kidevu, na hakuna aliyelalamika. Akasema ana wasiwasi, maana akina mama wengine wameshaanza kumwonea Shemeji huruma, na mnunuzi wa ngozi hana huruma. Nikamwambia aje Jumamosi na kiti.

Ujumbe kutoka kwa Tunu. Mafua yake yamepona. Yamempata mama yake.

Jumamosi, 21 Juni

Naandika kwa sababu sina la kufanya.

Walikuja wote. Akina mama arobaini na zaidi, Mtendaji wa kijiji na viatu vyake vipya, Obedi na tabasamu lake. Hata Gharibu alikuja, akakaa kando na kuzipima mbavu za Shemeji kwa macho. Nikafungua uzio. Tukampakia magunia mawili ya maharage. Shemeji akapita katikati ya watu taratibu, hakumgusa yeyote. Mama Venanti akamsogelea kwa makusudi, na kidole chake kile kibovu mbele. Punda akasimama, hatua tatu. Akina mama wakapiga vigelegele. Mtendaji akaniita mtaalamu. Obedi alikuwa anatazama chini.

Hapo akafika Bi Zuleha.

Bi Zuleha ni shangazi yake Mama Venanti, ametoka Kagerankanda kwa miguu, hawajaonana tangu mavuno. Mama Venanti akainama. Bi Zuleha akainama. Wakaanza kusalimiana kama Waha wanavyosalimiana na mkubwa wao, kwa kuinama na kupiga makofi polepole, viganja vikikutana kwa adabu. Mwakeye. Paa, paa. Nyumbani hawajambo? Paa, paa. Ng'ombe? Paa, paa.

Shemeji akarudi hatua mbili. Akarudi mbili tena.

Miaka mitatu nimekaa hapa! Miaka mitatu!

Kisha akina mama wote wakapanga mstari, maana mkubwa hasalimiwi na mmoja. Shemeji na magunia yake akapita ofisi kinyumenyume. Akaingia shamba darasa la Obedi kinyumenyume, akaangusha kibao. Nikapiga kelele waache! Mama Venanti akageuka akanitazama kama mtu aliyetukana msibani. Akasema yampaye, ndio mshangao wao, Bwana Mifugo, salamu za mtu mzima zikatwe kwa ajili ya punda? Akaendelea.

Mtendaji alikuwa nyuma kabisa, anaongea na simu. Kwato ikatua juu ya kiatu kipya. Na kwa kuwa zamu ya kumsalimia Bi Zuleha ilikuwa imemfikia, naye ni Mha aliyelelewa vizuri, alitia simu mfukoni, akainama alivyoweza, machozi yakimtoka, akapiga makofi. Shemeji akajaribu kurudi zaidi. Hakukuwa na nafasi. Akasimama juu ya mguu wake wa pili pia.

Gari la Gharibu litapita Jumatatu.

Jumatatu, 23 Juni

Fuso lilikuja saa tatu. Ndani punda saba. Shemeji akagoma kupanda ubao. Wakamvuta kwa kamba, wakamsukuma matako, wanaume sita. Wapi! Gharibu akachukua fimbo. Saa nzima ilipita. Nikaanza kuamini kwamba watachoka, watamwacha. Mama Venanti naye nadhani alikuwa anaomba hivyo, midomo yake ilikuwa inacheza.

Ndipo Obedi akasema fundi si yuko hapa, au mafunzo yake ni ya kuvunja vyoo tu?

Ningenyamaza. Naandika hapa ili nikumbuke kwamba ningenyamaza, na ilikuwa rahisi.

Nikasema weka fimbo chini. Mgeuzeni, ageukie huku kwangu. Wakamgeuza. Nikasimama mbele yake, hatua tatu. Nikapiga makofi mara mbili. Shemeji akarudi nyuma. Kwato za nyuma zikagusa ubao. Paa, paa. Akapanda. Bila kamba, bila fimbo, ananitazama mimi tu, hatua kwa hatua, mpaka ndani. Watu wakashangaa, wakashangilia, na kwa makofi yao akarudi mpaka akagota penye kichwa cha gari. Gharibu akasema miaka yote ya kazi hii hajaona kitu kama hicho.

Nilifurahi. Labda dakika nzima.

Kisha gari likaunguruma. Shemeji akatoa kichwa juu ya mbao, akanyoosha shingo upande wangu. Nikamwendea. Aliponiona nimekaribia akarudisha kichwa ndani, kwa heshima, kama nilivyomfundisha.

Mama Venanti aliondoka bila kunisalimia. Nimelia nyuma ya josho, kilio cha mtu mzima, kibaya.

Alhamisi, 26 Juni

Siku tatu sijatoka nje. Nimefikiri sana. Upole haukukosea. Mafunzo hayakukosea. Kilichokosea ni sauti, basi. Mtu mwingine angekata tamaa kwa kosa dogo namna hiyo.

Loyce amepita kunitazama, akanikuta nimejifunika mablanketi mawili. Katika mazungumzo akasema zahanati imepewa beberu na mgonjwa mwenye shukrani, na sasa beberu huyo anawapiga pembe watu kwenye foleni. Obedi ameshaomba wamchinje. Nikaketi kitandani. Nikamwambia asithubutu, anipe siku kumi na mbili. Loyce akatazama mguu wangu, akatazama dari, akasema sawa.

Nimejifunza kuuliza kwanza, kwa hiyo nimemuuliza: je, Waha wana mila yoyote ya kusalimiana kwa kukohoa? Akasema hana habari ya mila kama hiyo.

Basi imekwisha. Nitakohoa kidogo, mara mbili, naye atarudi nyuma. Tunaanza kesho asubuhi, pale pale barazani pa zahanati, wagonjwa wakiwa wengi, ili azoee.