Nafasi Moja ya Bulgaria

Jumatatu, 2 Juni 1975

Waraka umebandikwa ubaoni saa mbili na nusu. Nimekuwa wa kwanza kuusoma, kwa kuwa ni mimi niliyeubandika. Hiyo ndiyo faida pekee ya kuwa karani wa masjala. Nafasi moja ya masomo nchini Bulgaria, miaka miwili, usindikaji wa matunda: yaani kuyatia kwenye chupa na makopo yasioze. Ofisi yetu hapa Morogoro itoe jina moja. Ndege, viza, malazi, vyote juu yao!

Nina miaka thelathini na moja. Mbali kabisa nilikowahi kufika ni Dar es Salaam, na huko nilikwenda kumzika mjomba. Niliosoma nao wamekwenda Ulaya, hata yule aliyekuwa akiniibia majibu ya hesabu. Wakirudi wanaitwa wataalamu na wanapewa nyumba zenye umeme. Naitaka nafasi hii mno.

Tatizo ni Kasiani, karani mwenzangu wa meza ya pili. Naye kachukua fomu. Kasiani! Mtu aliyejifunza kulala huku kashika kalamu. Hajui lolote kuhusu matunda. Mimi pia sijui, lakini mimi nina akili.

Jumanne, 3 Juni

Fomu ina maswali kumi na manane. La saba: mwombaji ana uzoefu gani katika matunda? Nimelitazama asubuhi nzima. Maembe nimekula mengi, lakini nadhani si hicho wanachouliza. La kumi na mbili: barua kutoka kijiji cha ujamaa anachokitumikia mwombaji. Hapo akili ikafunguka. Nitatafuta kijiji, nitakitumikia wiki tatu, nitachukua barua, nitaondoka.

Jioni nimenunua koti sokoni, kwenye zile nguo kuukuu za kafa Ulaya. La kijivu, zito, linafika magotini. Viza inataka picha, na picha inataka koti. Bi Mwanaidi, mwenye nyumba wangu na balozi wetu wa nyumba kumi, yaani kiongozi wa chama hapa mtaani, aliniona uani nikilijaribu juani, akaniuliza kama nina homa. Nikamweleza. Akasema koti hilo lilishakufa Ulaya mara moja, nisilirudishe likafe tena. Watu wengine hawaoni mbali.

Jumapili, 8 Juni

Kinole. Nilipanda jana na lori la kuchukua ndizi hadi kijiji hicho cha ujamaa. Huko milimani kuna machungwa, mananasi, ndizi, mdalasini, na mengi yanaozea chini kwa kukosa usafiri. Nilimwamkia mwenyekiti wa kijiji, Mzee Pazi, nikajitambulisha: Ndugu Athanas, mwanamapinduzi wa matunda, nimekuja kujitolea. Aliitikia marahaba huku akilitazama koti. Akauliza nitakaa nao muda gani. Nikasema daima. Niliona haya kidogo.

Alfajiri ya leo nimefanya mazoezi ya baridi, maana Bulgaria si Morogoro. Nimeoga mtoni, nikasimama juu ya jiwe bila kujifuta, nikihesabu mpaka mia tano. Niliishia mia mbili na kumi. Kina mama waliokuja kuteka maji waliniuliza ni nani aliyeniibia nguo. Bi Mosi, mke wa Mzee Pazi, akaninywesha chai ya mdalasini na kunifunika khanga mbili. Nimerudi mjini na mananasi kumi na mawili na mafua. Mwandiko huu si wangu, ni wa mafua.

Jumatano, 11 Juni

Jumatatu jioni nilikamua mananasi yote, nikajaza juisi kwenye chupa kumi na moja, nikazikaza vizibo, nikazisukuma uvunguni mwa kitanda. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Kijitabu nilichokikuta masjalani kilisema juisi ichemshwe kwanza. Mkaa ulikuwa umekwisha. Nikaona kuchemsha ni madoido tu.

Leo mchana, nikiwa kazini, chupa zimepasuka. Moja baada ya nyingine, mpaka ya kumi na moja. Bi Mwanaidi akafungua mlango, akanusa. Balozi wa nyumba kumi, harufu ya kileo, chupa uvunguni! Niliporudi alikuwa amekaa mlangoni, tayari kunipeleka kwa katibu kata kwa kosa la kupika pombe. Nimemweleza saa nzima kwamba hiyo ni elimu. Akasema elimu hiyo inalewesha. Mwishowe amekubali kunyamaza, nami nipake ukuta chokaa. Kasiani naye alipita kunipa pole. Akagusa ukuta kwa kidole, akalamba, akasema si mbaya.

Jumapili, 15 Juni

Kinole tena. Nilikuja na mpango mpya, wa jamu. Jamu inataka sukari. Mjini kwenyewe sukari haionekani, Kinole itatoka wapi? Nikakaa juu ya gogo nimeshika tama.

Bi Mosi akaniuliza kulikoni. Nilipomweleza, akasema marehemu mama yake alikuwa akikata ndizi mbivu vipande vyembamba, akizianika kwenye kichanja, na moto mdogo wa moshi chini yake siku za ukungu. Zilikaa mwaka bila kuharibika. Nikamwambia huo si utaalamu, ni mambo ya jikoni. Akanipa kipande nionje. Nikamwambia huo ndio utaalamu hasa, na mimi mwenyewe nilikuwa njiani kuugundua.

Tumejenga vichanja vinne. Walikuja watu kama ishirini, kila mmoja na kisu chake. Wamenitania mchana kutwa, eti Mluguru mwenzao wa mjini anakata ndizi kama anayefungua bahasha. Tumecheka. Nimefurahi, na kusema kweli sijawahi kufurahi hivi siku hata moja pale ofisini. Sentensi hiyo nitakuja kuifuta.

Jumamosi, 21 Juni

Ndizi zimekauka! Magunia matatu yamechukuliwa na lori la ushirika. Mkutano wa kijiji umenipigia vigelegele. Nikaona huu ndio wakati wa barua.

Mzee Pazi ana mwandiko mzuri, lakini maneno nimemtajia mimi. Nikamwambia aandike kwamba Ndugu Athanas ni mtu ambaye kijiji hiki hakiwezi kumkosa hata siku moja. Akaweka kalamu chini.

"Mwanangu," akasema, "wewe unataka kuondoka au unataka kubaki?"

Nikamjibu, kwa heshima zote, kwamba nataka kuondoka.

"Basi hayo si maneno ya mtu anayeondoka."

Nilicheka moyoni. Mzee wa watu, lugha ya maofisi ataijulia wapi? Huko, kadiri unavyosifiwa ndivyo unavyopanda. Nikamsihi aongeze kwamba bila mimi vichanja vyote vitaanguka. Akaandika, akagonga muhuri. Nimeikunja barua nikaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti. Njia nzima ya kuteremka mlima nilikuwa naipapasa.

Jumatatu, 23 Juni

Barua ya Kasiani imepita mezani kwangu, kwa kuwa barua zote hupita mezani kwangu. Haikuwa imefungwa vizuri. Baada ya dakika tano za kuishughulikia, haikuwa imefungwa kabisa.

Kasiani hana kijiji, kwa hiyo kaandikiwa na Ndugu Charles, afisa utumishi wetu. Mstari mmoja tu! Kwamba Ndugu Kasiani anaweza kuachiwa kwa miaka miwili au zaidi bila shughuli za ofisi kuathirika.

Nimeisoma mara nne. Maskini Kasiani, kutukanwa namna hiyo kwa muhuri wa serikali! Awali nilikusudia ipotee kwa bahati mbaya mpaka tarehe ya mwisho ipite. Hakuna haja tena. Nimeiweka juu kabisa ya jalada, nimeipigia mstari mwekundu isije ikawapita wajumbe, na nimeipeleka kwa mikono yangu mwenyewe. Kisha nimekwenda kupiga picha za pasipoti, nakala sita, nimevaa koti. Mpiga picha aliniambia nisitabasamu. Nilishindwa.

Jumatatu, 30 Juni

Kamati imeniita saa nne. Watu watano na jagi la maji. Ndugu Charles aliisoma barua ya Kinole kwa sauti mpaka mwisho, akavua miwani, akapangusa macho. Akasema tangu aanze kazi hajaona kijiji kinachompenda mtumishi kiasi hiki. Mjumbe wa pili akakumbusha kwamba nchi imo katika kampeni ya kilimo cha kufa na kupona. Nikaitikia kwamba ni kweli tupu. Wa tatu akataka kujua kama vichanja vitaanguka kweli nikiondoka. Ningesema nini? Nikasema vitaanguka.

"Basi sisi hatuna moyo wa kuwanyang'anya watu wa Kinole mtu wao," akasema Ndugu Charles.

Nimehamishwa. Bwana Matunda wa Kinole, kuanzia katikati ya Julai, makazi huko huko. Wakanipigia makofi. Bulgaria anakwenda Kasiani, kwa sababu katika ofisi nzima ndiye pekee aliyethibitishwa kwa maandishi kwamba anaweza kuachiwa. Walisema ule mstari mwekundu uliwasaidia sana.

Nimekaa kwenye ngazi za ofisi nikalia. Jioni nikamweleza Bi Mwanaidi yote, mpaka lile swali la Mzee Pazi. Akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, kisha akanipakulia wali mara mbili bila kunitazama usoni.

Jumamosi, 12 Julai

Ofisi imetuaga, mimi na Kasiani, kwa chai moja. Sijapata kumwona Kasiani akiwa macho kiasi kile. Pasipoti inashughulikiwa, daktari kampima kamkuta mzima, na kachanjwa mikono yote miwili. Kilichobaki ni viza, na viza inataka picha. Mbele ya watu wote akaniuliza kama nitamwazima koti.

Nikasema nitafikiri. Ndugu Charles akasema Ndugu Athanas ni mjamaa, hana haja ya kufikiri. Watu wakacheka kwa upendo. Nikalivua hapo hapo. Limemkaa vizuri kuliko mimi, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kesho kutwa napanda mlima.

Jumapili, 12 Oktoba

Kinole. Vuli imeanza mapema. Mvua tangu Alhamisi, na baridi imeingia hata ndani ya blanketi. Vichanja sasa ni ishirini na sita, na Bi Mosi amefundisha vijiji viwili jirani kwa niaba yangu. Wanaponiona njiani watoto huita Bwana Matunda. Mambo madogo madogo, siyaandiki kwa urefu.

Dereva wa lori kaniletea barua kutoka Bulgaria. Kasiani anasema kuna joto, koti kalitundika msumarini tangu afike. Anasema mfukoni alizikuta picha zangu sita. Moja kaibandika ukutani bwenini, na wenzake wanapomuuliza huyu anayetabasamu ni nani, huwaambia ni mtu ambaye hatuwezi kumkosa. Anaona nifurahi, maana angalau sura yangu imefika.

Sikufurahi. Lakini dereva huyo huyo kaleta pia waraka. Nafasi moja, Romania, mwaka mmoja na nusu, ufugaji wa nyuki! Nyuki sina, ila kesho nitatafuta mzinga. Swali la tisa linataka barua ya kijiji.

Na safari hii kosa nimeligundua. Ile barua ya kwanza ilikuwa dhaifu. Kijiji kimoja, hata siku moja: nani angeshtuka? Sasa nitapeleka barua tatu, za vijiji vitatu, na zote ziseme hawawezi kunikosa hata kwa saa moja. Nimemkabidhi Mzee Pazi kalamu na karatasi jioni hii. Ameiweka kalamu chini tena.