Nyanya Zilizolazwa Usingizi

Kitu cha kwanza alichokiona Mnong'ono kilikuwa kucha. Wengine pale sokoni waliona suti ya rangi ya udongo, viatu vya kujitazamia kama kioo, na miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo. Yeye alikuwa na desturi ya kutazama chini watu wakiongea, kwa hiyo aliona mikono. Mgeni alikuwa ameokota nyanya moja kwenye tenga la Shangazi yake, muuza nyanya, anaigeuzageuza na kueleza kwamba ana miaka ishirini ya kuhifadhi nyanya katika nchi saba. Na kucha zake zilikuwa nyeupe kama za mtoto aliyezaliwa juzi.

Mnong'ono alikuwa amemsaidia mpishi wa hosteli kwa misimu miwili, kazi yao kubwa ikiwa kutia nyanya kwenye chupa. Alijua kwamba maji ya nyanya huingia chini ya kucha yakakaa humo kama mpangaji asiyelipa wala kuhama.

Alizitazama tu zile kucha. Hakuitwa Mnong'ono bure. Binti huyu alikuwa akisalimia watu kwa sauti ambayo hata mbu angemwambia arudie. Shule aliiacha darasa la tano, na tangu hapo aliamini kwamba maneno yana wenyewe, na yeye si mmoja wao.

Msimu ule nyanya zilikuwa zimezidi. Ukinunua fungu moja unapewa mawili, ukikataa unafukuzwa nayo. Mbuzi wa mtaani walikuwa wamezikinai.

"Mama," mgeni alimwuliza Shangazi, "hizi zote zitakwenda wapi?"

"Zitakwenda kwa nzi, baba. Kesho kutwa ni karamu yao."

Mgeni akaishika ile miwani kifuani, akaifuta kwa leso, akaivaa. Macho yalikuwa yamelowa kweli. Tumpe haki yake: kuna watu hulia kwa ajili ya wazazi wao na wasilie vizuri vile.

"Msiba," alisema. "Msiba mkubwa. Mimi nikiona nyanya inaoza, siku hiyo silali. Mama, naitwa Profesa. Nimekuja kuwaokoa."

Na wokovu wenyewe ulikuwa huu: warsha ya siku nne, kwa vitendo, ya kuhifadhi mazao ya msimu. Ukumbi amekwisha kukodi, ule wa karibu na karakana ya seremala. Chupa analeta yeye, tena bure. Karo hataki. Kila mtu aje na nyanya zake na mikono yake, basi. Siku ya tano vyeti vyenye muhuri, na mnunuzi kutoka ng'ambo atakuja kuchukua kila chupa kwa bei ambayo Profesa aliitaja kwa kunong'ona, kwa sababu, alisema, kuna bei ambazo si adabu kuzitaja mbele ya watoto.

"Bure?" akauliza Fundi Cherehani, mama mshona nguo ambaye sauti yake ilikuwa ikivuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia. "Bwana wewe, bure hii ina mkia?"

"Dada yangu," akajibu Profesa kwa upole, "jua huwaka bure. Uliwahi kuliuliza mkia wake?"

Watu wakacheka, na mtu akishachekesha sokoni, nusu ya kazi amemaliza. Kufikia adhuhuri watu ishirini na wawili walikuwa wameandikisha majina. Shangazi alikuwa wa kwanza. Wengine waliahidi tenga moja moja, mawili mawili. Yeye aliahidi matenga kumi na mawili, yaani msimu wake wote. Nyanya hizo zikipotea hatakuwa na cha kukishikilia kibanda chake, atachukua mwingine, naye atarudi kubebea watu mizigo kichwani kama alivyoanza, na safari hii kwa magoti ya uzeeni.

"Shangazi," Mnong'ono alijaribu jioni ile, "yule baba, kucha zake..."

"Zina nini?"

"Ni safi."

"Ulitaka profesa awe na kucha chafu? Mwanangu, wewe umeishia darasa la tano, yeye amefundisha nchi saba. Kesho utaosha chupa, nimekwisha kukuombea kazi. Na umwamkie vizuri, usije ukaniaibisha."

Basi akaosha chupa. Zilikuja kwa magunia kutoka kwa waokota taka, na yeye aliketi ua wa nyuma ya ukumbi, kati ya mlango wa ghala na banda la jiko lililotumika zamani kwa shughuli. Chupa nzima aliweka kulia, zenye pengo mdomoni au ufa aliweka kushoto. Kupitia dirishani aliona somo lote.

Na somo, ndugu msomaji, lilikuwa la kupendeza mno. Wanawake walimenya, wakakatakata, wakachemsha nyanya mpaka mtaa mzima ukanukia. Profesa alitembea katikati yao mikono nyuma, hagusi kitu. Nyanya zikishaingia chupani, alitoa mfuko wa unga mweupe aliouita unga wa siri, akaamuru kila mtu atie kijiko kimoja. Chupa zikatoa povu, zikafoka.

"Inapumua!" akapiga kelele Fundi Cherehani.

"Hiyo ni hewa chafu inatoka," akasema Profesa. "Sasa funga! Funga kabla haijarudi!"

Mnong'ono aliokota unga uliomwagika dirishani, akauramba. Magadi. Yale yale ya kulainishia maharage.

Akasubiri. Sasa atawaambia wachemshe chupa zenyewe, akawaza. Yule mpishi wa hosteli alimfundisha kama mtu anavyofundishwa sala: tia maji ya ndimu, acha nafasi ya kidole, funga, zamisha chupa nzima kwenye maji yanayochemka, hesabu dakika arobaini na tano. Ukizitoa, zikipoa, kila kifuniko kitabonyea katikati na kusema *tik*. Kisiposema *tik*, usimpe mtu unayempenda.

Lakini Profesa alipiga makofi. "Sasa, akina mama, nyanya ni kama mtoto mchanga. Ameoga, ameshiba, sasa anataka nini?"

"Kulala!"

"Zitalala ghalani siku nne, gizani. Yeyote atakayefungua mlango kabla ya Ijumaa atakuwa amemwamsha mtoto wa mwenzake!"

Wakabeba chupa ghalani wakinyata, wengine wakiziimbia.

Hapo inabidi tueleze akili ya Mnong'ono, maana yaliyofuata yote yalitoka humo. Yeye hakufikiri kwamba Profesa ni mwizi. Alifikiri kwamba hajui. Na aliona aibu kwa niaba yake, aibu iliyomchoma masikio. Mtu mzima, na suti yote ile, mbele ya watu ishirini na wawili, halafu hajui! Angesimamaje yeye, binti wa kuosha chupa, amwambie? Bora afe. Lakini zile zilikuwa nyanya za Shangazi, na baada ya siku tatu zingechacha.

Basi aliamua kuzitengeneza kimyakimya, ili mwalimu asiumbuke.

Kila alasiri, warsha ikimalizika na Shangazi akirudi kibandani, aliingia ghalani kwa mlango wa nyuma ambao ndio aliopitishia maji. Alitoa chupa za siku ile, akazipeleka kwenye banda la jiko, akaokota vipande vya mbao kwa seremala, akawasha moto. Alimwaga zile za magadi zilizokwisha kuharibika ladha, lakini hizo zilikuwa za siku ya kwanza tu, chupa chache. Kuanzia siku ya pili, yeye ndiye aliyejaza ule mfuko wa unga wa siri kwa chumvi laini, na povu lilipokosekana Profesa alisema bila hata kupepesa macho, "Mnaona? Leo hewa ni safi zaidi." Mnong'ono alitia ndimu, akazamisha, akahesabu dakika kwa vidole. Kisha aliketi kwenye kigoda gizani mwa lile banda, akasikiliza. *Tik. Tik. Tik-tik.* Hakuna aliyewahi kumpigia makofi maishani mwake, na yale yalitosha kabisa.

Tatizo lilikuwa moja. Kila asubuhi Profesa alichungulia ghalani. Akikuta rafu tupu atauliza, na akiuliza itabidi mtu ajibu, mbele ya watu. Kwa hiyo aliziacha nzuri bandani, chini ya magunia, na zile chupa za kushoto, zenye pengo na ufa, Mnong'ono alizijaza maganda, nyanya zilizooza, na maji aliyooshea sufuria, ili kwa mbali zionekane nyekundu. Na kwa kuwa magadi yale aliyoyatoa kwenye mfuko wa siri hakujua pa kuyatupa, aliyagawa humo, kila chupa fungu lake, akafunga kwa nguvu. Nia yake ilikuwa kuzibadilisha tena Ijumaa alfajiri, mwalimu apate heshima yake, na dunia iendelee.

Profesa alichungulia, akaona wekundu, akatabasamu. Hakugusa hata moja.

Alhamisi hapakujazwa chupa hata moja; aliwaaga wanafunzi mapema. "Nendeni mkasuke nywele, mkanyooshe nguo. Kesho kuna picha!" Mnong'ono naye alivutwa na Shangazi akajaribishwe gauni la kuazima. Saa tisa, jua likiwa kali na mtaa mzima umo kwenye misuko na pasi, lori likarudi nyumanyuma mpaka mlangoni mwa ghala.

Ijumaa alfajiri Mnong'ono alifungua mlango wa nyuma akakuta rafu tupu. Akafunga. Akafungua tena, kama mtu anayeipa ghala nafasi ya kujirekebisha. Tupu.

Saa nne watu wote walikuwa ukumbini, wamependeza, na utupu wa ghala umekwisha kuonekana. Kelele zilizotoka hapo seremala alidhani paa limeanguka.

"Nilisema ina mkia!" Fundi Cherehani alinguruma. "Sikusema? Nani alisikia nikisema?"

Shangazi hakupiga kelele. Aliketi sakafuni na gauni lake la sherehe, akaweka viganja juu ya magoti, akayatazama yale magoti kama mtu anayemwuliza punda mzee iwapo ataweza safari nyingine. "Matenga kumi na mawili," alisema. "Basi."

Mnong'ono alisimama nyuma ya mlango. Alifungua mdomo. Akawatazama wale watu wote, akaufumba.

Mara mlango wa mbele ukasukumwa. Aliingia kwanza Profesa, ila hakuwa akitembea. Alikuwa ameshikwa ukosi na mtu mnene, tajiri wa duka la jumla, ambaye alimsukuma mbele kama mkokoteni. Wote wawili walikuwa wamelowa wekundu tangu nywele hadi soksi. Ganda la nyanya lilikuwa limemkaa tajiri juu ya nyusi.

"Nimenunua chupa mia moja na themanini za nyanya bora!" tajiri alifoka. "Nimezipanga dirishani mwa duka langu. Leo nafungua duka, huyu anangoja malipo yake, jua linapiga, ya kwanza ikalipuka. Ya pili ikaitikia. Wateja wamelala chini wakidhani ni vita!"

"Nimeibiwa!" Profesa alilia, na safari hii machozi yalikuwa yake mwenyewe. Aliwageukia wale ishirini na wawili, mikono wazi. "Nyinyi! Nyanya zangu nilizoziiba hapa ziko wapi? Kuna mwizi humu ndani!"

Ukumbi ukanyamaza. Ni nadra sana mtu kuja kushtaki wizi kwa watu aliowaibia, na hakuna aliyejua adabu inasema nini hapo.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya mlango. Ilikuwa ndogo, lakini kimya kilikuwa kikubwa, ikatosha.

"Zako ni zile zilizolipuka. Zetu ziko bandani. Karibu zote."

Wakageuka. Mnong'ono alikuwa amelishika gauni la kuazima kwa mikono miwili. Akaendelea, maana angesimama hapo asingeanza tena.

"Hukuzichemsha, Profesa. Chupa huchemshwa. Na magadi si ya nyanya. Wewe hujui kuhifadhi. Mimi najua."

Hawakungoja zaidi. Walimiminika uani, wakafunua magunia, na chupa zikang'aa safu kwa safu, vifuniko vimebonyea vyote kama vitovu. Fundi Cherehani alifungua moja, akaonja, akafumba macho, akaonja tena. Tajiri naye alionja, akajifuta lile ganda la nyusi, akaanza kuongea kwa sauti ya mtu anayetaka kununua tena, na safari hii Shangazi ndiye aliyekuwa akimtajia bei, amesimama, mikono kiunoni, bila kunong'ona.

Profesa alitaka kuingia mitini, akakuta Fundi Cherehani amemshikia kisu kidogo na tenga zima.

"Keti baba. Warsha ni kwa vitendo. Menya."

Akaketi. Akamenya, vibaya sana, na Mnong'ono, asiyeweza kuvumilia kuona nyanya ikiteswa, akamwinamia akamwonyesha: mwagia maji moto kwanza, ganda litatoka lenyewe.

"Mwanangu," Shangazi alimwuliza jioni, wakiwa wamebaki wawili, "wewe ulijuaje kwamba yule ni mwizi?"

Mnong'ono aliinamisha kichwa, akatabasamu, na Shangazi akaichukua ile kama unyenyekevu wa mtu mwenye akili nyingi. Mtaa mzima uliichukua hivyo. Hadi leo wanasema binti yule alimnusa jambazi tangu siku ya kwanza, akamtegea mtego chupa kwa chupa. Yeye huwaacha waseme.

Lakini ukweli ambao hajawahi kumwambia mtu ni huu: hakujua lolote. Lau yule bwana angejua tu kuchemsha nyanya sawasawa, Mnong'ono angemwoshea chupa zake kwa heshima zote, angemsaidia kuzipakia kwenye lori, na angempungia mkono.