Mashahidi wa Gari la Matangazo

Jumatatu, 3 Machi
Kikao cha asubuhi. Mganga mkuu, bosi wetu, ametangaza kwamba sasa ofisi ya afya itafanya kazi kwa ushahidi. Ijumaa kila kitengo kithibitishe kuwa kazi yake inapunguza magonjwa. Kitakachoshindwa kitanyang'anywa vifaa. Wote wakanigeukia mimi, mkuu wa elimu ya afya, bwana wa gari la matangazo. Gari langu! Miaka yote nazunguka nalo mitaani nikihimiza watu wanawe mikono. Sauti yangu inajulikana kuliko ya redio. Binti wa takwimu, tunayemwita Asilimia, akasema kuna semina ya kutuandaa, kesho hadi Alhamisi. Nikamjibu kwamba nilianza kazi hii yeye akiwa bado ananyonya.

Ushahidi wanataka? Wataupata.

Jumanne, 4 Machi
Semina sikwenda. Wenzangu wamefungiwa ukumbini wakijifunza kulinganisha mtaa na mtaa. Upuuzi. Ushahidi hutolewa na mashahidi, hata mtoto anajua. Kinyozi wangu amekubali mara moja. Shemeji yangu, fundi wa kuchomelea, amekubali kwa sharti nimfuate na gari hadi mlangoni. Mke wangu amekataa. Amesema hana muda wa kuaibika mchana kweupe, ila mama yake yupo tu nyumbani. Mama mkwe! Sura ya heshima, neno lake halipingwi. Shahidi wa kuzaliwa.

Jumatano, 5 Machi
Mazoezi sebuleni. Wote waseme kwamba tangu gari lianze kupita hawajaugua tumbo. Kinyozi anatia chumvi mno, anadai gari limemponya hata mgongo. Mama mkwe akauliza, akiulizwa kingine ajibu nini. Nikamwambia aseme ukweli tu.

Kazini Asilimia alinijia mezani. Kwa upole akaomba tuangalie pamoja wagonjwa wa kuhara, mitaa ninayopita na nisiyopita. Labda gari linahitaji tu kazi nyingine. Mtego huo! Nikamchekea kwa meno tu.

Ijumaa, 7 Machi
Nilivaa suti. Mganga mkuu alipowaona mashahidi wangu mstari wa mbele, aliuliza kama ni wagonjwa waliopotea njia. Nikaeleza.

Kinyozi alianza vizuri, akaishia mgongoni. Shemeji alisahau maneno yote, akaomba kazi ya kuchomelea geti la ofisi. Akabaki mama mkwe. Asilimia akamuuliza, kwa adabu zote, gari limemfundisha nini. Akajibu limemfundisha kufunga madirisha. Akaulizwa kama ananawa mikono. Akasema, mwanangu, kwa maji gani? Bomba la mtaa halitoi hata tone, na huyu mkwe wangu anapita akipiga kelele tunawe, sisi tunamtazama tu.

Watu walivunjika mbavu. Mganga mkuu hakucheka. Asilimia akaonyesha kwamba kuhara kumejaa kwenye mitaa yenye mabomba makavu, nipite nisipite. Basi, uamuzi: vipaza sauti vishushwe, gari lifungwe tangi lisambaze maji. Na mama mkwe akapongezwa kuwa shahidi bora wa wiki!

Nimeumia. Nimevishusha vipaza sauti kwa mikono yangu mwenyewe, huku dereva akipiga mluzi. Lakini sijasalimu amri.

Jumapili, 9 Machi
Gari limefika mtaani kwetu na tangi lake. Majirani foleni na ndoo, mama mkwe mbele yao kama mwenye mali. Mimi nimesusa. Maji ya usaliti siyagusi. Nimefuta vumbi la vipaza sauti nilivyokuja navyo nyumbani, nikaketi nikala kwa mkono, bila kunawa, kwa msimamo.

Jumatatu, 10 Machi
Tumbo limeniendesha tangu alfajiri. Nikiwa nimejikunyata chooni, ghafla nikaelewa. Gari limenyamaza Ijumaa, mimi nimeugua leo! Miaka yote likipiga kelele sikuwahi kuhara. Wanataka ushahidi gani tena? Nikipata nguvu naingia ofisini kwa mganga mkuu, nijitoe mwenyewe kama shahidi, na Asilimia awepo asikie.

Mke wangu ameniletea ndoo ya maji na sabuni mlangoni. Nimemwambia aviondoe haraka, asije akaniharibia ushahidi.