Jina Juu ya Tangi

Msabah alikuwa hajala tangu jana, na mwenye njaa huona mbali. Asubuhi ile aliingia kwa Mama Wanu, Kikwajuni, kumuuzia dawa ya mchwa aliyoitengeneza mwenyewe kwa maji ya chumvi na rangi ya kijani.

"Shikamoo, Mama Wanu."

"Marahaba. Dawa yako sinunui. Jirani kaipaka mlangoni, mchwa wamenenepa."

Lakini Msabah alikuwa keshasahau mchwa. Uani, chini ya ngazi, kuku wawili walikuwa wamelala juu ya gunia la makaa, na chini ya gunia limechomoza gurudumu. Akawafukuza kuku kwa heshima, akainua gunia.

Ilikuwa pikipiki ya Kiingereza ya miaka ya hamsini, na tangi lake limevikwa shaba. Juu ya shaba ile mtu alikuwa amechonga matawi ya mikarafuu, jani kwa jani, kwa mkono mwepesi hata ukitazama unataka kunusa. Mdomo wa tangi ulikuwa umezibwa kwa tambara.

Mkono ule Msabah aliujua. Paje alikuwako Bwana Mabrouk, mwenye hoteli, aliyekusanya kila kilichochongwa na marehemu Fundi Jecha, sonara wa Mji Mkongwe: mabuli ya kahawa, visahani, mipini ya majambia. Alikuwa ametangaza kwamba atakayemletea kazi ya Jecha isiyojulikana, ataje anachotaka. Msabah alishajua atataja nini. Posa yake kwa Riyama ilikuwa imerudishwa mara mbili, kwa kuwa baba mtu alitaka mkwe mwenye mlango wa duka. Milango ya maduka pale hotelini ilikuwa mitano, na mmoja ulikuwa mtupu.

"Hii kachonga nani?" akauliza, kama anayeuliza bei ya chumvi.

"Marehemu Haitham, mume wangu, ndiye aliyekuwa akiipanda. Kachonga fundi."

"Ah, nnaujua mkono huu. Huyu alikuwa fundi wa majiko ya makaa. Kazi ya kubahatisha. Hebu tazama jani hili, Mama Wanu, kama sikio la mbuzi."

Mama Wanu aliacha kuchambua mchele. Alikuwa mkunga kwa miaka thelathini, na mkunga husikia uongo wa kila namna, hasa kwa waume waliosimama mlangoni. Uso wake haukusogea.

"Sikio la mbuzi," akasema polepole.

"Mie ningeichukua kwa kukuhurumia tu, ikupishe nafasi. Nikupe vespa yangu. Ile nyekundu, unaiona pale nje? Inawaka kwa kidole."

Vespa ile ndiyo mali pekee aliyokuwa nayo Msabah duniani. Vyengine vyote vilikuwa maneno. Mama Wanu akatoka, akaikagua breki, akaisikiliza injini kwa sikio lililozoea kusikiliza matumbo.

"Haya. Lakini iache pikipiki kama ilivyo. Usiongeze wala usipunguze."

"Na kifuniko cha tangi kiko wapi?"

"Kifuniko nnacho kwa kazi nyengine."

Msabah hakujali kifuniko. Alichohofia ni mjane kugeuza nia, basi akaandika karatasi, nakala mbili, kwa mkono wake: wamebadilishana kwa ridhaa, wala hakuna kurudishiana, ije mvua, lije jua. Akawaita wanywaji kahawa wawili wakashuhudia. Mama Wanu akatia saini nakala zote mbili kwa jina lake kamili. Msabah akaikunja yake bila kusoma, maana macho yake yalikuwa juu ya shaba.

Sasa ilibaki kumpa fundi jina. Msabah alipata kuona buli la Jecha nyumba moja ya Malindi. Chini ya kifuniko chake pameandikwa kwa herufi za Kiarabu, Bismillahi, kazi ya Jecha. Akachukua msumari na nyundo ndogo, akajifungia chumbani siku mbili, akayanakili maneno yale juu ya tangi, katikati kabisa, mbele ya kiti, pale ambapo kipofu tu hayaoni. Herufi alizipatia. Lakini Mwenyezi Mungu humpa mmoja mkono na mwengine adabu, na Msabah alikuwa ametoroka chuo cha Kurani kabla hajafundishwa hiyo ya pili.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, akakopa pesa, akakodi pikapu, kwenda na kurudi, akalipa yote. Alipanga kurudi amekaa mbele na ufunguo wa duka.

Bwana Mabrouk aliizunguka pikipiki mara tatu. Akaipapasa shaba, jani kwa jani.

"Unaona jina?" akasema Msabah. "Mie sisemi kitu. Shaba inasema yenyewe."

"Nnaona. Lakini macho yangu yana tamaa, yashanidanganya zamani. Nimemwita mtu anayeujua mkono wa Jecha. Binti yake."

Msabah akatabasamu. Binti gani hapendi baba yake asifiwe? Kabla tabasamu halijakauka, ikasikika vespa inaingia getini. Aliijua sauti ile kama mama anavyojua kilio cha mwanawe.

Mama Wanu akashuka, akalitengeneza buibui lake. "Asalaam alaykum."

"Waalaykum salaam, Bi Mayasa binti Jecha," akasema Mabrouk. "Karibu utuamue."

Msabah akaichomoa karatasi mfukoni, akaisoma saini kwa mara ya kwanza. Mayasa Jecha. Iliandikwa wazi, kwa wino mweusi.

Bi Mayasa akavaa miwani, akainama juu ya tangi. Akalifuata jina kwa kidole, herufi kwa herufi.

"Bwana Mabrouk, mtu akipanda hii, hapa hukaa nini?"

"Mapaja."

"Na pameandikwa nini?"

Mabrouk akaurudisha mkono wake kama aliyegusa jiko.

"Baba hakulichonga jina la Mola ila ametawadha," akasema Bi Mayasa. "Na kila mwenye chombo akimwapisha asikiweke chini. Leo aje aliweke mapajani mwa mtu, lirukiwe na matope?"

"Labda alisahau," akasema Msabah.

"Kasahau vizuri. Kafa miaka thelathini sasa, na unga wa shaba bado umo ndani ya herufi."

"Basi hii si ya Jecha," akasema Mabrouk kwa uchungu.

Bi Mayasa akaitazama minazi. Hilo halikuwa swali, na yeye hakulijibu.

"Iondoshe uani kwangu," Mabrouk akamwambia Msabah, "kabla sijamwita sheha."

Msabah akamgeukia mjane. "Mama Wanu, mama yangu. Chukua pikipiki yako, nipe vespa yangu."

Bi Mayasa akaitoa karatasi yake. "Hakuna kurudishiana, ije mvua, lije jua. Una mwandiko mzuri, mwanangu."

"Sasa mie niifanye nini?"

"Jina la Mungu haliachwi njiani. Niandikie kuwa umenipa, nikalifute."

Msabah akaandika. Hakupata kuandika neno la kweli kwa haraka kama siku ile.

Karatasi ilipokwisha kukunjwa, Bi Mayasa akafungua fundo la kanga yake, akatoa kifuniko cha shaba. "Bwana Mabrouk, nimekupa hukumu ya maandishi. Ya michoro hukuniuliza." Akakizungusha mdomoni mwa tangi mara tatu, kikakaa sawasawa. Kisha akakifungua, akamwonesha upande wa ndani: Bismillahi, kazi ya Jecha, kwa mkwe wangu Haitham.

Mabrouk akakaa kwenye ngazi. "Taja."

"Haiuzwi."

"Taja chochote."

"Baba kaichonga mwezi mzima kwa ajili ya harusi yangu. Nitaje nini?"

Pikipiki ikapandishwa kwenye pikapu iliyokwisha kulipwa, ikaenda zake Kikwajuni bila ya aliyeilipia, na Mabrouk akiisindikiza kwa miguu hadi getini.

Msabah alikuwa keshaanza kutembea juani vespa ilipomfikia, ikasimama.

"Panda. Nyuma."

Akapanda. "Hukuniambia kama wewe binti Jecha."

"Hukuniuliza. Ulinambia sikio la mbuzi."

Msabah akajishika kiti. "Mama Wanu, tukifika mjini tusipite Michenzani. Baba yake Riyama hukaa barazani saa hizi."

"Njia fupi ni hiyo hiyo." Akatia gia. "Sema bismillahi."

"Bismillahi."

"Ehee. Mdomoni, mwanangu. Hapo ndipo mahala pake."