Mfadhili wa Mollo

Meshack hakuwa mwizi. Neno hilo alilichukia kwa dhati, kama anavyostahili kulichukia mtu mwenye suti. Yeye alijiita mshauri, na katika miaka ile ya ruksa, kila kitu kilipofunguliwa kuanzia biashara ya mitumba hadi midomo ya watu, mshauri aliheshimiwa Sumbawanga kuliko hata mwenye duka.

Alikuwa amekaa kwenye baraza la duka moja pale Majengo, gari jeupe la wafadhili lilipopita likitimua vumbi. Kina mama waliokuwa wakisubiri zamu kwenye mashine ya kusaga, mahindi yao miguuni, walilitazama mpaka likapotea.

"Wangetukumbuka na sisi wa Mollo," mmoja alisema. "Shingo zimeisha kwa kubeba."

Meshack akaweka kikombe chini. Kwa kuuliza mambo mawili matatu kwa upole, akajua kwamba kikundi chao kilikuwa na ghala, na ndani ya ghala kulikuwa na magunia ya ulezi, akiba ya kununulia mashine yao wenyewe. Na huko ng'ambo ya mpaka, ukishapita Kasesya, ulezi mwaka ule ulikuwa unatafutwa kwa tochi.

Semina ya Meshack kuhusu wafadhili ikafanyika Mollo, uani kwa mwenyekiti wa kikundi, Mama Angela, mjane aliyekuwa akisikiliza huku anachambua maharage. Ngeleja, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake na ambaye maksai wake ndio waliolima nusu ya mashamba ya jirani, alikuja pia, kwa kuwa alisikia kuna jambo geni.

"Wafadhili si kabila moja," Meshack alianza, vidole gumba vikiwa kwenye ukosi wa koti. "Wa kwanza ni serikali za nje. Hawa wanapenda ripoti. Mwandikie neno jinsia, mwandikie neno shirikishi, atalala usingizi mzuri. Wa pili ni mashirika ya kanisa. Hawana haraka hawa, lakini hawasahau. Wa tatu ni mifuko ya matajiri waliokufa."

"Aliyekufa tutamwandikia wapi?" Ngeleja aliuliza.

"Mzee, amekufa yeye, hela zake zimebaki hai, na watoto wake wamekatazwa kuzigusa."

"Maskini watoto," kina mama waliguna kwa huruma ya kweli.

"Wa nne ni kampuni. Hawa wanataka jina lao lipakwe ukutani, kubwa, hata kama walitoa misumari tu. Wa tano ni mtu binafsi, bibi wa huko Ulaya. Huyu anataka picha na barua ya asante."

Tuseme ukweli: lilikuwa somo zuri. Wapo wataalamu waliolipwa na posho juu, wasioweza kulieleza hivyo. Ndiyo shida ya matapeli wenye kipaji, hawawezi kudanganya bila kufundisha kitu.

"Lakini wote," Meshack akashusha sauti, "wana swali moja. Ninyi wenyewe mmechangia nini? Kwa hiyo ule ulezi niukabidhi mjini, ukahakikiwe."

Mama Angela akapuliza makapi ya maharage. "Ulezi hautoki Mollo, mwalimu, mpaka tumwone mfadhili kwa macho. Samahani sana."

Mlango mmoja ukiwa umefungwa, Meshack alitafuta dirisha. Kama ulezi hautoki mbele ya watu, basi watu waondoke mbele ya ulezi. Akashauri kazi ya pamoja: msingi wa nyumba ya mashine uchimbwe na kuta zianze, maana wafadhili wanapenda nguvu za wananchi. Kiwanja kiko mbali na ghala. Kijiji kizima kikiwa huko kimeinama, lori lingepakia kwa raha zake. Oswaldi, dereva wa lori, alikubali kumfanyia safari hiyo akachukua redio kaseti ya Meshack kuwa dhamana.

Jumapili baada ya misa, Meshack alisimama nje ya kanisa akatangaza kazi, na siku akaitaja.

"Nani anayeita?" Mama Angela aliuliza kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. "Watu wasikie."

Meshack, aliyekuwa mtu wa Mbeya na mpenzi wa umati, akainua mkono. "Mimi! Mimi Meshack nawaita wote!"

Vigelegele vilivyopigwa pale vilizidi kipimo. Yeye alidhani wanampenda.

Siku ya kazi ilipofika, kata nzima ilimwagika kiwanjani na majembe. Jua lilipopanda vizuri Meshack akachomoka kwenda ghalani. Mlango ulikuwa wazi. Ndani hapakuwa na gunia hata moja, ila mitungi, safu kwa safu, ikitoa povu, na Mama Angela katikati akiwa ameshika kata.

"Shikamoo, mama. Ule ulezi..."

"Marahaba, mwanangu. Huu hapa. Ngeleja, muonjeshe mwenye kazi."

"Mmepika pombe? Yote?"

"Si umeita watu wengi? Kwetu Ufipa anayeita watu kazini ndiye mwenye kazi, na mwenye kazi huwanywesha. Wewe mgeni, tukaona tukusitiri, tukapika kwa jina lako. Kwani kwenu ukiita watu wakufanyie kazi huwa unawapa nini?"

"Huwa nawaambia asante."

Ngeleja alicheka mpaka akaishika nguzo ya ghala.

"Na mashine?" Meshack alikuwa karibu kulia, na safari hii hakuwa anaigiza. "Mtanunua na nini?"

"Wale wa aina ya pili uliotufundisha. Nilikwenda parokiani, wakasema mashine wanayo, ila hawaileti pasipo na nyumba. Sisi wanawake tukiita kazi wanakuja wachache. Akiita mwenye suti, umeona mwenyewe." Akamtazama kwa utulivu. "Na aliyetaka kuukabidhi ulezi wetu mjini, mwalimu, tulimwelewa siku ile ile."

Lori lilikuwa limefika zamani. Halikuwa ghalani, lilikuwa kiwanjani likishusha mawe ya msingi, kwa kuwa Oswaldi aliambiwa aliyelikodi ndiye mwenye kazi, na yeye hakuona sababu ya kubisha huku kibuyu kikiwa mkononi na redio ikiimba kwenye kiti cha mbele.

Jioni kuta zilifika kifuani. Meshack alikalishwa kwenye kigoda mbele ya watu wote, na kila aliyekunywa alikuja kumshika mkono. Wazee walimwita mfadhili. Alitafuta upenyo wa kutoroka, lakini kila upande palikuwa na mtu anayemshukuru.

Mama Angela akasimama, watu wakanyamaza.

"Mwenye kazi huimaliza," alisema. "Watu wanauliza bati zinakuja lini."

Meshack aliinuka na suti yake yenye vumbi. Uongo wa aina tatu ulimjia mdomoni, wote mzuri. Akawatazama wale watu waliolowa jasho kwa ajili ya jina lake.

"Zitakuja," alisema.

Vigelegele vikapigwa. Na kilichomtisha kuliko yote, alipokuwa anakaa, ni kwamba alikuwa ameshaanza kufikiria atazipata wapi.