Shemeji Alikula Kanisa

Jumamosi, 1 Agosti

Leo darasa letu la kipaimara limepelekwa kuona lile kanisa la kale la misheni, nyuma ya mtaa wa Fedha. La udongo! Matofali mabichi, hayajawahi kuona moto, na bado limesimama. Fleti za jirani zimejengwa juzi tu na tayari zina nyufa. Katekista Nahashon akaeleza kwamba mababu waliukanyaga udongo huo kwa miguu, wakatia nyasi. Nikauliza kama waliosha miguu kwanza. Alicheka Celine peke yake. Inatosha.

Askofu atatupa kipaimara humu humu, Jumapili ya wiki ijayo.

Mwenzetu Ondiek akajipiga picha kila pembe. Mbele ya altare, kando ya kengele, na viatu vyake vinang'aa kama vya polisi wa gwaride. Eti mtaa wetu mzima wa Jericho utajua alifika. Picha! Nani hana picha? Mimi nilitaka kitu cha kushika. Mama Kezia, mlinzi wa kanisa, alipogeuka kumkemea mtoto aliyepanda mimbari, nikapitisha kidole chini ya dirisha. Tonge la udongo likatoka. Sikulivunja. Lilijitolea.

Sasa liko kwenye kisahani juu ya kabati. Nimemwalika Celine kesho aje ajionee.

Jumapili, 2 Agosti

Msiba! Baada ya Misa, Katekista alisimama akasema kuna mtu amechimba ukuta wa kanisa la mababu. Jina hataki. Tonge lirudi, la sivyo darasa zima halitasimama mbele ya askofu.

Hii ni mara yangu ya tatu kusomea kipaimara. Mama ameshashonesha suti kwa fundi wa Shauri Moyo. Ameshawaita shangazi wote kutoka Siaya. Kuhusu suti amesema wazi: nikikosa safari hii, nitaivaa nikizikwa.

Sikutishika. Kurudisha tonge ni kazi ya dakika moja. Nikakimbia nyumbani. Kisahani kitupu!

Shemeji Anyango, mke wa kaka, mimba ya miezi saba, amekaa kigodani anajilamba vidole. Huyu hutafuna odowa mchana kutwa, yale mawe laini ya soko la Gikomba ambayo wajawazito huyapenda kuliko nyama. Akaniuliza hili nimelitoa kwa muuzaji gani, maana halina mchanga na linanukia mvua ya kwanza. Nikapayuka: shemeji, umekula kanisa! Kanisa la misheni, nyuma ya Fedha, lililokanyagwa na mababu kwa miguu! Akafikiri kidogo. Akauliza kama limebaki.

Celine alikuja. Nikamwonyesha kisahani.

Jumanne, 4 Agosti

Akili haijaniishia. Nimeenda Gikomba, nikachagua odowa nene, nikaelekea kanisani. Nikamwambia Mama Kezia nimekuja kusali. Akanijibu kwamba wanaokuja kusali huangalia altare, si madirisha. Alipokwenda kuteka maji, nikasukuma jiwe tunduni. Likaingia sawasawa! Ila ukuta mwekundu, jiwe jeupe. Jino la bandia kabisa.

Nilikuwa nimeliona hilo mapema. Mfukoni nilibeba kopo la kaka la rangi ya viatu, kahawia. Nikapaka, nikasugua kwa soksi. Fundi yeyote aje anipigie saluti.

Alhamisi, 6 Agosti

Mama Kezia amempigia Katekista simu: tonge limerudi, lakini linang'aa. Tukaitwa wote. Mama Kezia akanusa ukuta. Akainama, akakagua viatu vyetu mmoja mmoja kama daktari wa mifugo. Vyote vumbi tupu, isipokuwa vya nani? Vya Ondiek!

Nilibana kicheko hadi mbavu zikauma. Ondiek akaapa kwa mama yake, kwa nyanya yake, kwa timu yake ya mpira. Katekista akampa mpaka Jumamosi aseme ukweli. Nikamshika bega, nikamwambia buda, kiri tu, utalala vizuri. Celine akanikata jicho. Ana lake.

Jumamosi, 8 Agosti

Nimesalitiwa na tumbo!

Tumesimama pale ukutani. Ondiek analia makamasi yakimshuka. Mimi nimevaa uso wa huruma. Mara getini anaingia Shemeji Anyango, tumbo mbele, bakuli mkononi. Ameuliza njia kwa kila mtu wa Fedha. Akamwamkia Mama Kezia kwa adabu zote. Akasema samahani mama, shida yangu ni ndogo tu, naomba udongo kidogo, ule ule alioniletea huyu shemeji yangu Ochola wiki jana.

Ondiek akafuta makamasi.

Mama Kezia akatazama lile tumbo, akanitazama mimi. Nikasubiri kofi. Akacheka hadi akashika ukuta. Akamletea Shemeji kiti, akamwambia mwanangu, ukuta wa kanisa hauliwi, kula hata mayai. Kwangu hakucheka. Vua viatu! Kunja suruali! Nikakanyaga udongo wa kuziba tundu, uliochanganywa na samadi ya ng'ombe, Ondiek kivulini akinipigia kelele: "Kanyaga, fundi! Hapo umeruka!" Akanipiga picha. Jericho nzima imeziona kabla sijafika nyumbani. Celine amezipenda zote.

Sikuinamisha kichwa. Tundu nililisiriba kwa mkono wangu mwenyewe. Nikamwambia Katekista kwamba mababu nao walichimba udongo na hakuna aliyewaita wezi. Akasema wao walikuwa wanaongeza kanisa, si kulipunguza. Kisha akasema yameisha, kesho nije nimeoga.

Jumapili, 9 Agosti

Nimepata kipaimara! Suti imekaa. Shangazi wa Siaya walipiga vigelegele hadi kengele ikaona aibu. Askofu alinipaka mafuta usoni, akavuta pumzi, akaniuliza kwa upole kama nafuga ng'ombe. Ondiek, nyuma yangu, karibu azimie kwa kucheka. Acheke.

Kabla ya kuondoka nilipita chini ya dirisha kukagua kazi yangu. Safi! Mtu aliyelitengeneza kanisa kwa miguu yake ana haki zake.

Nyumbani Shemeji hakunisalimia hata. Alinyoosha kiganja tu. Mtoto anampiga mateke tangu asubuhi. Nikatia mkono mfukoni mwa suti mpya, nikatoa tonge. Si ule udongo wa jana, ule una samadi. Huu ni wa mababu, upande wa pili wa dirisha, ambako Mama Kezia hachungulii.

Hebu fikiria: mtoto aliyelishwa kanisa tangu tumboni! Huyu ni askofu tu, hana njia nyingine. Na siku hiyo Ondiek atapanga foleni mlangoni kwangu mimi, baba mdogo wa askofu, akiomba picha.